Kuvua Bila Kumaliza: Misingi ya Uvuvi Endelevu, Kutoka Bahari Kuu hadi Ziwa Tanganyika

Uvuvi endelevu ni uvuvi unaochukua samaki kwa kiasi na kwa namna inayowaacha waliobaki majini wazae na kujaza nafasi ya waliotolewa. Maelezo hayo ni mafupi, lakini yamebeba maswali mazito: majini mna samaki kiasi gani, huzaa lini na wapi, hukua kwa kasi gani, nani ana haki ya kuwavua, na nani ana mamlaka ya kusema sasa inatosha. Sehemu kubwa ya elimu hii ilizaliwa baharini katika karne ya 20, wakati meli za injini zilipoanza kumaliza samaki ambao watu wa kale waliamini hawawezi kwisha. Leo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya makundi ya samaki wa baharini yanayofanyiwa tathmini yanavuliwa kupita uwezo wake.

Mkazi wa Pito, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, yuko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo samaki hawako mbali naye. Uwanda wa Ufipa, ambao sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, umekaa katikati ya maziwa mawili: Ziwa Rukwa chini ya mteremko wa mashariki, na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Barabara ya lami inayopita Matai huteremka hadi bandari ya Kasanga, safari ya kilomita zipatazo 110 kutoka Sumbawanga mjini. Dagaa na migebuka wanaouzwa sokoni hupanda kwa njia hiyo, au hutokea Kirando, Kipili, Wampembe na Kabwe katika Wilaya ya Nkasi. Mfipa anayepika ugali wa ulezi kwa dagaa ni sehemu ya uvuvi huo sawasawa na mwenye mtumbwi.

Ziwa Tanganyika linafaa kusomwa kwa macho ya bahari. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita zipatazo 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Uvuvi wake mkuu hufanyika kwenye maji ya wazi, usiku, ukifuata makundi ya samaki wanaohamahama, kama uvuvi wa dagaa na jodari ulivyo pwani. Hata dagaa wenyewe ni wa ukoo wa bahari: wanasayansi wanawahesabu katika jamaa moja na dagaa wa maji ya chumvi, waliozoea maji yasiyo na chumvi katika muda wa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo dhana zilizotungwa kwa ajili ya bahari hupata hapa uwanja wake halisi, tena zikiwa karibu na macho ya watu wa Rukwa.

Kundi moja, nchi nne

Dhana ya kwanza ni ya kundi, yaani samaki wa aina moja wanaozaliana wao kwa wao na ambao kupungua kwao mahali pamoja huonekana mahali pengine. Kabla ya kupanga chochote, msimamizi lazima ajue mipaka ya kundi lake. Hapo ndipo mipaka ya samaki na mipaka ya dola inapoachana.

Dagaa wa Tanganyika ni wa aina mbili, na mdogo kati ya hizo mbili ndiye anayejaza magunia. Uchunguzi wa vinasaba vya dagaa huyo haukuonyesha makundi yaliyotengana kati ya kaskazini na kusini mwa ziwa. Maana yake kwa mvuvi wa Kasanga ni kubwa: dagaa anaowavua leo wanaweza kuwa uzao wa dagaa walioachwa huru Mpulungu nchini Zambia, au ng'ambo ya pili, Kongo. Ziwa hilo linamilikiwa na nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na sehemu kubwa kabisa ziko Kongo na Tanzania. Nchi moja ikizuia na tatu zikaendelea, iliyozuia imewafugia wenzake. Ndiyo sababu nchi hizo zilisaini jijini Dar es Salaam, Juni 2003, mkataba wa pamoja wa usimamizi endelevu wa ziwa, na baadaye zikaunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura.

Samaki wa miambani ni habari nyingine. Ziwa lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato na perege, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Nyingi huishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani, mwamba huu zikawa na rangi hii na mwamba ule rangi ile, zisivuke hata ghuba ya mchanga iliyo kati yao. Kundi la namna hiyo linaweza kulindwa au kuangamizwa na kijiji kimoja. Ziwa Rukwa nalo lina hesabu yake. Ni ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutokea, hupanuka na kusinyaa kufuata mvua, na kuna vipindi ambapo sehemu zake kubwa zimewahi kukauka. Magege wa Rukwa hupungua na kuongezeka kwa sababu ya maji yenyewe pamoja na nyavu, na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya Tanganyika haiwezi kunakiliwa huko kama ilivyo.

Kiasi kinachoweza kuchukuliwa

Kundi lisilovuliwa halikui bila kikomo. Chakula na nafasi hulibana, wanaozaliwa wakalingana na wanaokufa. Uvuvi unapoanza kupunguza wakubwa, waliobaki hupata chakula zaidi, hukua haraka, na watoto wengi zaidi hupona. Ongezeko hilo ndilo linaloweza kuvuliwa mwaka hadi mwaka. Hesabu maarufu iliyotolewa mwaka 1954 na mtaalamu Milner Schaefer, aliyekuwa akichunguza jodari wa Bahari ya Pasifiki, inaonyesha kwamba ongezeko huwa kubwa zaidi pale kundi linapobaki karibu nusu ya ukubwa wake wa asili. Likipunguzwa chini ya hapo wazazi huwa wachache, na kila mwaka ongezeko hupungua. Mkulima yeyote wa Ufipa anaielewa hesabu hiyo bila kuchorewa mchoro: debe la mahindi ya mbegu likiliwa Oktoba, hakuna wa kumlaumu Machi.

Kilele cha hesabu hiyo huitwa kiwango cha juu cha mavuno endelevu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ulikitaja kama shabaha ya mataifa. Tangu hapo wataalamu wengi wamekitazama kwa tahadhari, na wana haki. Anayejaribu kusimama juu kabisa ya kilele akiwa haoni vizuri huteleza upande wa pili. Hesabu ya samaki ina makosa kila siku, mvua na upepo hubadilika, na wavuvi hawapungui kwa haraka kama samaki. Kwa hiyo kiwango hicho kinafaa kuwa mpaka wa kutovukwa, na shabaha iwekwe chini yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu samaki wanaohamahama, wa mwaka 1995, ulilipa wazo hilo nguvu ya sheria kwa jina la kanuni ya tahadhari: pale taarifa zinapokuwa haba, uvuvi upunguzwe, na uhaba wa taarifa usitumike kama kisingizio cha kungoja.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Newfoundland, mashariki mwa Kanada. Huko kulikuwa na samaki mkubwa wa bahari ya baridi aliyelisha Ulaya na Amerika kwa karne kadhaa. Makadirio ya serikali yalikuwa ya matumaini mno, na meli kubwa ziliendelea kupata samaki kwa kuwafuata mahali pachache walipojikusanya, hata kundi zima lilipokuwa likiporomoka. Julai 1992 uvuvi huo ulifungwa, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza kazi. Ilidhaniwa kufungwa huko kungedumu miaka miwili. Kulidumu zaidi ya miaka 30.

Si kila samaki huanguka na kuinuka kwa kasi ileile. Dagaa huishi karibu mwaka mmoja tu, hukomaa mapema na kuzaa kwa wingi, hivyo kundi lake linaweza kupungua sana mwaka mmoja na kurudi mwaka unaofuata, mazingira yakiruhusu. Sangala wakubwa wa Tanganyika huchukua miaka mingi kukua. Meli za nyavu za kuzungushia zilipoingia kusini mwa ziwa, upande wa Mpulungu, kuanzia miaka ya 1960, hao ndio waliotangulia kuadimika, na uvuvi ukabaki kuwategemea migebuka na dagaa. Kuhe, mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa jamii ya perege duniani, ana udhaifu mwingine: jike huaminika kuzaa mara moja tu maishani, na wazazi wote wawili hubaki wakilinda makinda. Wavu unaowazoa wazazi hao hupoteza uzao mzima, kwa kuwa makinda hubaki chakula cha wengine. Uvuvi wa aina nyingi kwa wavu mmoja huwaumiza kwanza wale wanaokua taratibu, na soko lililojaa dagaa linaweza kuficha kutoweka kwao.

Kuhesabu wasioonekana

Samaki hawahesabiwi kama ng'ombe zizini. Njia ya kawaida ni kutazama mavuno kwa kila chombo kwa usiku mmoja. Chombo kilekile, taa zilezile, wavu uleule, kikianza kurudi na nusu ya kilichokuwa kikileta zamani, kundi limepungua. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo Kigoma kinachoshughulikia ziwa hilo. Huko hupimwa urefu wa samaki, hali ya mayai yao na umri, na kwa nyakati fulani hutumika vyombo vinavyopeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa makundi.

Kipimo cha mavuno kwa chombo kina mtego wake, na Ziwa Tanganyika linauonyesha wazi. Uvuvi wa dagaa ni wa taa. Vipe, yaani mitumbwi iliyounganishwa kwa miti na kubeba wavu mkubwa katikati, hushusha wavu gizani, mwanga huwaita dagaa kutoka mbali, kisha wavu huvutwa. Zamani mwanga ulitoka kwenye karabai. Sasa ni taa za umeme wa jua na betri, zenye mwanga mkali na gharama ndogo kwa usiku. Chombo chenye taa nyingi zaidi huita dagaa wa eneo kubwa zaidi, na mavuno yanaweza kubaki palepale huku ziwa likizidi kuwa tupu. Msimamizi anayeandika kilo bila kuandika idadi ya taa anajidanganya. Ndivyo hasa ilivyokuwa Newfoundland, kwa vyombo vya thamani kubwa zaidi.

Kuna pumziko moja ambalo hakuna serikali iliyoliagiza. Siku za mbalamwezi taa hushindwa kushindana na mwezi, na wavuvi wa dagaa hukaa ufukweni wakishona nyavu. Kwa vizazi vingi siku hizo zimekuwa sehemu ya usimamizi wa ziwa bila kuandikwa popote, na mwanga mkali wa taa mpya usiachiwe kuzifuta.

Vyombo vingi mno

Kiini cha tatizo la uvuvi karibu kila mahali ni idadi ya wavuvi na vyombo, na ndicho kitu ambacho wanasiasa hupenda kukiacha mwisho. Mchumi wa Kanada, Scott Gordon, alilieleza jambo hili mwaka 1954. Samaki wasio na mwenyewe huvutia watu wapya maadamu kuna faida. Kila anayeingia hupunguza mavuno ya waliotangulia, na uingiaji husimama tu pale faida ya wote inapokwisha. Mwisho wake ni ziwa lenye samaki wachache na wavuvi wengi walio maskini, kila mmoja akifanya kazi kwa bidii.

Uwanda wa Ufipa unahusika moja kwa moja. Mwaka ambao mahindi yanakosa bei au mvua inakosea, vijana huteremka kutafuta riziki ziwani, kwa sababu huko mtu asiye na shamba wala mtaji anaweza kupata nafasi ya kuvuta wavu na kulipwa sehemu ya mavuno. Mlango huo wa wazi ni bima ya maskini, na haifai kuufunga kwa kishindo. Lakini ukiachwa wazi siku zote, kanuni za macho ya nyavu na za kupumzisha ziwa hazitatosha. Leseni ambazo hutolewa kwa yeyote anayelipa ni chanzo cha mapato ya halmashauri. Zinakuwa chombo cha usimamizi pale tu zinapokuwa na kikomo cha idadi. Hapa ndipo mjadala wa Tanganyika unapohitaji ujasiri zaidi kuliko mahali pengine popote.

Njia nyingine ya kuweka kikomo ni kugawa mavuno yenyewe: kiasi cha jumla hutangazwa kwa mwaka, kisha kila nchi, kampuni au chombo hupewa mgawo. Njia hiyo hutumika zaidi baharini, ambako meli ni chache na kubwa. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Ushelisheli, ilipoonyeshwa na tathmini ya mwaka 2015 kwamba jodari wa mapezi ya njano anavuliwa kupita kiasi, nchi wanachama zilipitisha mwaka uliofuata mpango wa kupunguza mavuno. Tanzania hushiriki kupitia Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, iliyopo Fumba, Zanzibar, inayotoa leseni kwa meli zinazovua katika ukanda wa kiuchumi wa bahari unaofika maili 200 za baharini kutoka pwani. Kwa Tanganyika mgawo wa kilo hautekelezeki, kwani samaki hushushwa kwenye mamia ya mialo, na hakuna mizani ya kuwafuata wote.

Wavu, ukubwa, mahali na majira

Zinabaki kanuni za namna ya kuvua. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake za 2009 zilizorekebishwa baadaye, inapiga marufuku baruti, sumu, makokoro na nyavu za uzi mmoja wa plastiki. Baruti iliitesa pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, ikivunja matumbawe ambayo huchukua miongo kujijenga upya, na ilipungua sana baada ya kikosi cha pamoja cha vyombo vya dola kuanza kazi mwaka 2015. Kokoro ni haramu kwa sababu nyingine. Huvutwa kutoka ufukweni, likikwangua mchanga na majani ambako samaki hutaga na makinda hujificha. Kulikamata na kulichoma moto ni rahisi. Kumzuia mwenye kokoro asirudi kunahitaji aelewe anachokiharibu na awe na kazi nyingine ya kufanya.

Kanuni za ukubwa huwapa samaki nafasi ya kuzaa walau mara moja. Katika Ziwa Victoria kwa miaka mingi sangara aliruhusiwa kuchakatwa viwandani akiwa kati ya sentimita 50 na 85 tu, ili wachanga waachwe wakomae na wazazi wakubwa wabaki, kwa sababu jike kubwa hutaga mayai mengi kupita majike kadhaa madogo kwa pamoja. Kwa dagaa kazi hiyo hufanywa na macho ya wavu. Chandarua cha mbu kilichoshonwa kuwa wavu huzoa makinda ya kila aina, na huo ni uharibifu usio na utetezi.

Kufunga eneo kumefanikiwa zaidi kwa viumbe wasiosafiri. Huko Kisiwa Panza, Pemba, na Songosongo, Kilwa, wanavijiji wamekuwa wakifunga sehemu za miamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza mchanga huongezeka uzito sana katika wiki chache tu, na wiki hizo za subira hurudi kama kilo kwenye bamvua la kufungua. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Somo lake la pili halisemwi mara nyingi: siku ya kufungua, watu humiminika kutoka vijiji vya mbali, na waliosubiri huweza kuambulia kidogo. Kufunga bila kupanga nani aingie siku ya kufungua ni kazi nusu. Hifadhi za kudumu nazo zipo, kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ya mwaka 1995. Kwa upande wa ziwa, Hifadhi ya Taifa ya Mahale ina ukanda wa maji wa kilomita 1.6 ndani ya mipaka yake, na Nsumbu ya Zambia, kusini-magharibi mwa Kasanga, inalinda ukanda kama huo. Karibu na Mahale, mradi wa Tuungane umesaidia vijiji kutenga mazalia ya samaki yanayolindwa na wavuvi wenyewe.

Dagaa hawakai mahali pamoja, kwa hiyo kwao iliamuliwa njia ya majira. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, kufuatia makubaliano ya nchi nne kwamba ziwa lipumzishwe miezi mitatu kila mwaka. Miezi hiyo ni ya kusi. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu, maji ya chini yenye rutuba hupanda. Mimea midogo ya majini hustawi, wadudu wanaoila huongezeka, na dagaa hufuata. Kuwaachia samaki kipindi hicho cha neema kuna mantiki ya kibiolojia.

Gharama yake hailingani kwa watu wote. Mwenye vyombo vingi anaweza kukaa miezi mitatu akila akiba. Mvuta wavu, mama anayeanika dagaa na mchuuzi wa baiskeli wanaishi kwa kipato cha wiki. Ufugaji wa vizimba na mikopo vilitajwa kama njia mbadala, lakini kizimba kinahitaji vifaranga, chakula cha samaki na miezi kadhaa kabla ya mavuno, na mpaka maandalizi hayo yatangulie, mzigo wa ziwa zima huwa mabegani mwa wasio na akiba. Pia faida ya kupumzisha inaweza kupotea katika wiki chache baada ya kufungua, ikiwa idadi ya vyombo ni ileile na kila kimoja kimejiandaa kufidia. Tathmini ya haki italinganisha mavuno kwa chombo na ukubwa wa samaki kwa miaka mitano au zaidi, katika nchi zote nne. Furaha ya wiki ya kwanza Agosti haithibitishi kitu.

Nani alinde

Askari wa doria hawawezi kuwa kila ghuba. Kwa sababu hiyo sheria ya Tanzania inatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinavyoundwa mwaloni na wavuvi, wachakataji na wachuuzi. Vikundi hivyo huandikisha vyombo, hukusanya takwimu, hufanya doria na kuweka sheria ndogo kwa kibali cha halmashauri. Elinor Ostrom, mwanazuoni wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano mingi kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja bila kuibinafsisha wala kuikabidhi yote kwa dola. Masharti yake ni bayana: wanaotumia wajulikane, washiriki kutunga kanuni, walinzi wawajibike kwao, na adhabu ianze ndogo na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa.

BMU nyingi hukwama kwenye sharti la kwanza. Wavuvi huhama na dagaa, leo Kirando kesho Kabwe, na mgeni wa usiku mmoja haoni sababu ya kutii sheria ndogo ya kijiji asichorudi. Kikwazo kingine ni fedha: kikundi kisicho na mafuta ya boti wala posho hulinda kwa maneno. Halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao ya uvuvi ina deni kwa BMU, na sehemu ya ushuru huo inastahili kurudi mwaloni kwa kanuni iliyoandikwa, isiachiwe hisani ya mwaka wa uchaguzi.

Ziwa lenyewe na kinachotoka mlimani

Uvuvi wote unategemea maji yenye uwezo wa kulisha. Katika Tanganyika hewa ya oksijeni haifiki chini ya mita 100 hadi 200 hivi, na maji yote yaliyo chini ya hapo hayana samaki, ingawa yamehifadhi virutubisho vingi. Tafiti zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa limepata joto zaidi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi, huelea, na upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini. Rutuba hubaki kilindini, na chakula cha dagaa hupungua hata kama hakuna wavu uliotupwa. Usimamizi unaoangalia wavuvi peke yao utawadai watu deni ambalo sehemu yake ni la hali ya hewa. Jibu la busara ni kushusha zaidi kiwango cha uvuvi, kwa kuwa kundi lililodhoofishwa na joto halina ziada ya zamani.

Udongo ni mzigo wa pili. Mashamba ya miteremko yakilimwa bila matuta, mvua za Novemba hadi Aprili huteremsha tope mitoni. Mto Kalambo, wenye maporomoko ya zaidi ya mita 200 kwenye mpaka na Zambia, hukusanya maji ya sehemu ya uwanda na kuyamwaga ziwani. Tope likifunika miamba, samaki wanaokula ukungu wa mawe hukosa malisho, na uchunguzi wa miaka mingi katika ziwa hilo umeonyesha kwamba pwani zenye tope jingi huwa na aina chache za viumbe. Kilimo cha ntumba, ambacho Wafipa wamekitumia kwa vizazi vingi kwa kufukia majani ndani ya vichuguu vya udongo, hurutubisha shamba na kupunguza kasi ya maji juu ya ardhi. Afisa kilimo anayekihimiza anafanya kazi ya idara ya uvuvi pia.

Baada ya kutua mwaloni

Samaki anayeoza ufukweni ameshatolewa katika kundi, na mvuvi atarudi majini kumfidia. Dagaa huanikwa juani, mara nyingi juu ya mchanga, na mvua ya ghafla huharibu mavuno ya usiku mzima. Vichanja vya kuanikia, vikiinuliwa kutoka ardhini, huwaacha dagaa wakiwa safi, wakikauka haraka na kupata bei nzuri zaidi. Majiko ya kukaushia kwa moshi yanayotumia kuni chache hupunguza upotevu wa migebuka na kuokoa misitu ya kando ya ziwa. Kazi hiyo iko mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa, na mkopo wa vichanja kwa kikundi cha wanawake wa Kasanga huongeza chakula cha Sumbawanga bila kuongeza hata wavu mmoja majini. Kati ya hatua zote za usimamizi, hii ndiyo isiyomnyima mtu chochote.

Mnunuzi wa Pito ana nafasi yake katika mnyororo huo. Dagaa waliojaa mchanga na makinda ya samaki wengine huuzwa kwa sababu wananunuliwa. Sheria inakataza kuuza samaki wasioruhusiwa kama inavyokataza kuwavua, na ukaguzi wa sokoni mjini ni rahisi kuliko kukimbizana na mitumbwi gizani, maana barabara za kupandisha samaki uwandani ni chache. Maafisa uvuvi wa manispaa wakikagua magunia sokoni kwa utaratibu, na wakiandika aina na ukubwa wa samaki waliomo, watakuwa wamepata kwa gharama ndogo takwimu ambazo watafiti wa ziwa hulazimika kuzitafuta mwalo kwa mwalo.